Sayansi za Biomedikali: Unasoma Nini, na Ukimaliza Unakwenda Wapi

Anayesoma PCB, yaani fizikia, kemia na bayolojia, huulizwa swali lilelile na kila mtu, kuanzia mama mkubwa nyumbani hadi jirani wa kiti kwenye daladala ya kwenda Chuo Kikuu: utakuwa daktari? Swali lina nia njema. Lakini nafasi za udaktari wa binadamu ni chache kuliko wanaozitaka, na matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana wengi wenye ufaulu mzuri hubaki wameikodolea macho simu, wakipitia orodha ya kozi ambazo hakuna mtu aliyewahi kukaa nao chini akawaeleza. Maabara ya afya. Biomedikali. Bayoteknolojia. Mikrobiolojia. Uhandisi wa vifaa tiba. Majina yanafanana na sifa za kujiunga zinakaribiana. Wapo wanaochagua kwa kubahatisha, na wapo wanaochagua wakiamini kwamba wakishaingia chuoni watapenya wahamie udaktari.

Hesabu hiyo ya kupenya mara nyingi haijibu. Udaktari hapa Tanzania una udahili wake, miaka mitano ya darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Mwenye shahada ya biomedikali anayetaka udaktari baadaye kwa kawaida huanza upya kama wenzake, na miaka aliyokwisha kusoma haimpunguzii safari. Kwa hiyo nitaieleza fani hii kwa haki yake, kama kazi ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuitaka tangu mwanzo. Nitaieleza nikiwa na Dodoma akilini, kwa sababu mikoa hii ya kati imewahi kupata magonjwa yaliyoonyesha kwa uchungu kwa nini wataalamu wa aina hii wanahitajika.

Jibu la maabara linatoka wapi

Sayansi za biomedikali huchunguza kinachotokea ndani ya mwili mtu anapougua: kwenye damu, kwenye seli, kwenye vinasaba, kwenye vita kati ya kinga ya mwili na vimelea. Daktari hukutana na mgonjwa. Mwanasayansi wa biomedikali hukutana na sampuli, yaani damu, mkojo, makohozi au kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe, na kazi yake ni kusema sampuli hiyo inaonyesha nini na inaaminika kiasi gani.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayobeba fani nzima. Chukua taifodi. Mtu ana homa ya siku nne, anaingia maabara ya mtaani, anatolewa damu, na baada ya muda mfupi anaambiwa ana taifodi, pengine na malaria kidogo juu yake. Mara nyingi kipimo kilichotumika ni Widal, kilichoanzishwa mwaka 1896. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria wa taifodi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi yake. Sasa kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona. Zinaweza pia kutokana na chanjo, au kutengenezwa dhidi ya bakteria wengine walio ndugu wa yule wa taifodi. Katika mji ambao watu wengi wamekwisha kukutana na bakteria hao kwenye chakula na maji, Widal inaweza kumwonyesha mtu ana taifodi ilhali homa yake inatokana na kitu kingine kabisa. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara na kusubiri siku kadhaa bakteria waonekane.

Na hicho kitu kingine kinaweza kuwa brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Mkoa wa Dodoma una wafugaji wengi, na maziwa mabichi hunywewa. Brusela huleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, dalili ambazo kwa macho hazitofautishiki na malaria wala taifodi. Mgonjwa anaweza kumaliza dozi ya taifodi, akarudi, akapewa nyingine, huku ugonjwa wenyewe haujaguswa na bakteria wengine mwilini mwake wakijifunza kuizoea dawa. Huo usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wataalamu wa afya nchini huuita UVIDA kwa kifupi, una mizizi yake sehemu mojawapo hapa: kwenye kipimo kilichoaminiwa kupita uwezo wake.

Malaria nayo ina mtego wake. Kipimo cha haraka, MRDT, hutafuta protini iitwayo HRP2 inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum. Protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa mwezi uliopita na kupona anaweza kuonekana bado ana malaria. Kinyume chake pia hutokea: wapo vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, na wamekwisha kuonekana kwa wingi Eritrea na Ethiopia. Mwenye vimelea wa aina hiyo anaumwa kweli na kipimo kinasema hana kitu. Ndiyo maana darubini haijastaafu. Slaidi yenye tone nene la damu husaidia kuona kama vimelea vipo na ni vingi kiasi gani, na tone jembamba husaidia kujua ni vya aina ipi.

Kusoma mistari miwili ya MRDT mtu anaweza kufundishwa kwa siku moja. Kujua lini mistari hiyo isiaminiwe kunahitaji baiokemia, imunolojia, jenetiki na takwimu. Hapo ndipo miaka ya chuo inapokwenda.

Ndani ya miaka yenyewe

Mwaka wa kwanza unafanana na wa kozi nyingine za afya: anatomia, fiziolojia, baiokemia, bayolojia ya seli. Wengi hutarajia anatomia ndiyo itakayowasumbua kwa sababu ya wingi wa majina. Kwa ninavyoona, kinachowaangusha watu hasa ni baiokemia, kwa kuwa waliipita kidato cha sita kwa kukariri, na takwimu, kwa kuwa walidhani kuacha hisabati kumewaokoa nayo. Aliyesoma PCB huku akiikwepa hisabati kila alipoweza, atakutana nayo tena hapa, na safari hii haikwepeki. Huwezi kusema kipimo kinakosea mara ngapi bila kuhesabu.

Baadaye ndipo fani inapojichanua. Mikrobiolojia kwa bakteria na fangasi, virolojia kwa virusi, parasitolojia kwa malaria, minyoo na kichocho. Hematolojia kwa damu na magonjwa yake, pamoja na elimu ya kuongeza damu. Kemia ya kliniki kwa sukari, figo na ini. Histopatholojia kwa tishu zinazokatwa nyembamba, zikatiwa rangi na kutazamwa kama zina saratani. Imunolojia kwa kinga ya mwili. Bayolojia ya molekuli, ambamo utaikuta PCR, mbinu ya kunakili kipande kidogo cha DNA mara mamilioni hadi kionekane. Aliibuni Kary Mullis mwaka 1983 na ikampa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu kwenye hospitali zetu zinafanya kazi kwa msingi huohuo: ndani ya saa mbili hivi zinasema kama makohozi yana bakteria wa kifua kikuu na kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya teknolojia hiyo mwaka 2010.

Niseme kidogo zaidi kuhusu hematolojia na imunolojia, kwa sababu hapa Dodoma masomo haya mawili yanaonekana kwa macho. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inatokana na badiliko dogo mno: kwenye mnyororo mmoja wa protini ya hemoglobini, asidi amino moja, ile ya sita, imebadilika kutoka glutamati kuwa valini. Badiliko hilo linatosha kuifanya chembe nyekundu ya damu ijikunje kama mundu inapokosa oksijeni, ikwame kwenye mishipa midogo na kumletea mtoto maumivu makali. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na mwaka 2023 ikaanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu.

Habari kama hizo zikitangazwa, picha huwa ya madaktari bingwa, na wanastahili. Lakini kabla daktari hajamgusa mtoto, lazima mtu aliyekaa maabara athibitishe kwamba uloto wa mtoaji unaendana na wa mpokeaji. Seli zetu zina protini za utambulisho ziitwazo HLA, ambazo kinga ya mwili huzitumia kumjua mwenyeji na mgeni. Kila mmoja wetu hurithi seti moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na ndiyo sababu ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kufanana kikamilifu. Kosa kwenye kipimo hicho linaweza kuifanya kinga mpya iushambulie mwili wa mtoto mwenyewe. Baada ya upandikizaji, vipimo huendelea kwa miezi: chembe nyeupe zinapanda, maambukizi yapo au hayapo, dawa kwenye damu ni nyingi au ni kidogo. Kazi hii ni ya mtu wa biomedikali, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mahindi ya mwaka 2016

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ugonjwa ambao haukueleweka mara moja. Macho yaligeuka njano, matumbo yakajaa, wakawa wanatapika. Ini lilikuwa linashindwa kazi. Wagonjwa 68 walihesabiwa, na takriban 20 kati yao walifariki.

Jiweke kwenye nafasi ya anayetakiwa kusema huu ni ugonjwa gani. Macho ya njano yanaweza kuwa homa ya ini ya virusi, na virusi hivyo viko vya aina kadhaa. Yanaweza kuwa homa ya manjano, inayoenezwa na mbu. Yanaweza kuwa homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine. Yanaweza kuwa dawa ya kienyeji yenye sumu, au kemikali ya shambani. Kila jawabu lina hatua zake: virusi vya kuambukiza vinadai wagonjwa watengwe, mbu wanadai chanjo na kupulizia dawa, sumu inadai chakula kiondolewe nyumbani leo hii. Ukikosea, watu wanaendelea kula kinachowaua.

Fumbo la aina hii halifumbuliwi na mtu mmoja. Mtaalamu wa kemia ya kliniki anapima vimeng'enya vya ini na kuona kiasi cha uharibifu. Wa virolojia anaviondoa virusi kimoja baada ya kingine kwenye orodha ya watuhumiwa. Wa epidemiolojia, anayechunguza ugonjwa unavyoenea kwa watu, anakwenda kijijini, anauliza waliougua walikula nini na wasiougua, majirani wa nyumba za jirani, walikula nini. Wa sumu anasaga mahindi yaliyobaki ghalani na kuyapima. Mwishoni mahindi ndiyo yaliyoshikwa: yalikuwa na sumukuvu kwa kiwango cha kutisha.

Sumukuvu hutengenezwa na fangasi, hasa Aspergillus flavus, wanaopenda nafaka na karanga zilizoteswa na ukame shambani kisha zikahifadhiwa kabla hazijakauka vizuri. Hazina harufu ya kukuonya wala haziondoki kwa kupika ugali. Zikifika kwenye ini hubadilishwa kuwa kitu kikali kinachong'ang'ania DNA ya seli, na ndiyo maana anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi yuko kwenye hatari ya saratani ya ini, zaidi sana kama ana virusi vya homa ya ini aina B. Kitu hichohicho hung'ang'ania pia albumini, protini ya kwenye damu inayodumu wiki kadhaa. Kwa hiyo sampuli ya damu huweza kuonyesha mtu amekula sumu kiasi gani kwa wiki zilizopita, hata kama gunia lenyewe limekwisha. Wanafunzi hukutana na elimu hii kwenye somo la baiokemia na huona kama ni michoro ya kujibia mtihani. Kwa familia za Chemba na Kondoa ni suala la kama mtoto atakuwepo mavuno yajayo.

Baada ya hapo serikali iliendesha mradi wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, ambao ulijenga kituo cha elimu ya baada ya mavuno Mtanana, wilayani Kongwa, wilaya ambayo pia ina soko kubwa la mahindi la Kibaigwa. Kwa maoni yangu, aliyezaliwa mikoa hii na anataka kuwa mtaalamu wa sumu kwenye chakula hahitaji kutafuta sababu mbali. Kuna pia homa ya Bonde la Ufa, iliyopita Dodoma mwaka 2007 ikaangusha mimba za mifugo na kuua watu. Kuna trakoma, ugonjwa wa macho ambao umeifanya Kongwa ijulikane na watafiti wa nchi za mbali kwa miongo kadhaa.

Saini ni ya baraza

Sasa tufike kwenye fundo ambalo huwakwamisha wengi baada ya kuhitimu, na ningetamani lingeelezwa shuleni kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Kufanya kazi kwenye maabara ya hospitali na kutia saini majibu ya mgonjwa ni jambo la kisheria. Tanzania ina Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na baraza hilo ndilo linalosajili na kutoa leseni. Chuo kinakupa shahada. Ruhusa ya kumhudumia mgonjwa inatoka barazani. Kwa hiyo kozi mbili zenye masomo yanayofanana kwa sehemu kubwa zinaweza kukupeleka pande mbili tofauti.

Shahada za sayansi za maabara ya afya, kama zinazotolewa Muhimbili, Bugando na KCMC, zimeundwa kwa ajili ya usajili huo. Ndani yake kuna muda mrefu wa kukaa maabara za hospitali chini ya uangalizi, na baada yake kuna utarajali. Shahada za bayoteknolojia na sayansi za maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, au za mikrobiolojia na za bayolojia ya molekuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni shahada za sayansi. Zinakupa mikono mizuri ya maabara na milango ya utafiti, viwanda na udhibiti. Usizichukue ukidhani utavaa koti jeupe pale hospitali ya mkoa, ile tunayoiita General. Uhandisi wa vifaa tiba ni kitu kingine tena: ni kazi ya kufunga, kupima na kutengeneza mashine zenyewe, kuanzia mashine ya usingizi hadi CT, na anayeipenda fizikia kuliko bayolojia angeitazama kwa makini.

Jina lenyewe la sayansi za biomedikali utalikuta zaidi kwenye vyuo vya nje, na hapo tahadhari inahitajika mara mbili. Uingereza, kwa mfano, hakuna anayeruhusiwa kujiita mwanasayansi wa biomedikali bila kusajiliwa na baraza la huko, HCPC, na shahada peke yake haitoshi: kwa kawaida hutakiwa iwe na ithibati ya taasisi ya taaluma hiyo, IBMS, na mwombaji awe amekamilisha mafunzo ya vitendo kwenye maabara inayotambulika. Mtanzania anayesoma nje miaka mitatu bila sehemu hiyo ya vitendo anarudi na shahada nzuri ambayo baraza la nyumbani linaweza lisiione kama inatosha. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itaitambua shahada yake kama shahada, na hiyo ni hatua moja. Usajili wa baraza ni hatua nyingine. Wazazi wanaouza kiwanja kumsomesha mtoto nje wanastahili kulijua hili kabla ya kulipa ada ya kwanza. Baraza liandikiwe barua, litajiwe chuo na kozi kwa majina kamili, na jibu litunzwe.

Wako pia wanaofika kwa ngazi ya chini, na sioni sababu ya kuwatazama kwa huruma. Vyuo vya kati, kikiwemo cha Mvumi hapa mkoani, hufundisha stashahada ya maabara. Anayeipitia huanza kazi mapema, huzoea darubini na wagonjwa, kisha akajiendeleza hadi shahada. Akikaa darasani na aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita, mara nyingi yeye ndiye anayejua kwa nini mwalimu anauliza anachouliza.

Kazi ziko wapi

Hospitali ndiyo mwajiri anayefikiriwa kwanza. Ajira za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, ambayo ofisi zake ziko ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, na nyingine hutangazwa na TAMISEMI kwa ajili ya halmashauri. Ushindani ni mkubwa na kusubiri kunaweza kuwa kurefu. Hospitali binafsi na za dini huajiri haraka zaidi. Huduma ya damu salama nayo ina kituo cha kanda hapa Dodoma, na watu wake hupima kila chupa kwa ajili ya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla haijamfikia mgonjwa.

Utafiti una mvuto wake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na ina vituo Mwanza, Tanga, Mbeya, Tabora na kwingineko. Taasisi ya Afya Ifakara iko Ifakara na Bagamoyo. Moshi kuna kituo cha utafiti cha KCMC. Kazi inayofanyika humo ni ya kiwango cha dunia. Wanasayansi wa Kitanzania ndio waliofuatilia vinasaba vya vimelea vya malaria mkoani Kagera na kuonyesha badiliko kwenye jeni ya kelch13 linalowafanya vimelea wachelewe kufa kwa dawa za artemisinini. Kila anayemeza dawa mseto nchini ana maslahi na ugunduzi huo. Kijana anayependa kompyuta ana nafasi ya pekee hapa, kwa sababu mashine za kusoma vinasaba hutoa data nyingi kuliko watu wanaojua kuzichambua.

Ila utafiti hulipwa kwa miradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi waliokuwa na mikataba kwenye miradi ya UKIMWI na kifua kikuu, hapa kwetu na nchi jirani, walijikuta nyumbani, nao walikuwa wachapakazi hodari. Anayechagua njia hii aichague macho wazi, ajitahidi kupata shahada ya uzamili na ajifunze kuandika maombi ya fedha, kwa sababu anayeandika ombi ndiye anayebaki mradi ukiisha.

Njia ambayo vijana huifikiria kwa nadra, na nadhani wanakosea kutoifikiria, ni ya udhibiti. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupima dawa, chanjo na vitendanishi, yaani kemikali za kufanyia vipimo, kabla ya kuuzwa na hata vikiwa sokoni. Desemba 2018, ingali inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la ukomavu ambalo Shirika la Afya Duniani hulitumia kupima uwezo wa mamlaka za kudhibiti dawa. Mwaka uliofuata shughuli za chakula zilihamia Shirika la Viwango, TBS, na huko ndiko sumukuvu kwenye unga wa dukani inakopimwa sasa. Mkemia Mkuu wa Serikali anashughulika na sumu, dawa za kulevya na vinasaba. Matumizi ya vinasaba vya binadamu yana sheria yake ya mwaka 2009, na ndiyo maana kipimo cha kujua baba wa mtoto hakifanywi tu na maabara yoyote ya mtaani. Anayesimama kizimbani kama shahidi wa kitaalamu na kuieleza mahakama DNA inasema nini ni mtu aliyesoma masomo haya. Upande wa mifugo kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, unaotengeneza chanjo Kibaha, na kwa mikoa ya wafugaji kama Dodoma na Singida, magonjwa ya ng'ombe na ya watu hayana ukuta kati yake.

Kampuni zinazoingiza mashine na vitendanishi huajiri watu wanaojua mashine inafanya nini na wanaoweza kuwafundisha wengine kuitumia. Vyuo vya afya vinahitaji walimu.

Ukilala, ukaamka, na bado unaitaka fani hii, basi kabla ya kuthibitisha udahili soma mwongozo wa TCU wa mwaka huu, maana sifa za kujiunga hubadilika na za mwaka jana zinaweza kukuponza. Angalia pia fursa za fedha: Bodi ya Mikopo, na ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi. Kisha kipigie chuo simu, au kama uko Dodoma nenda mwenyewe, uulize wahitimu husajiliwa na baraza gani. Uliza maabara ya kufundishia ina darubini ngapi kwa wanafunzi wangapi. Uliza wanafunzi hufanya fildi hospitali gani na kwa wiki ngapi. Chuo kikishindwa kukutajia maabara ambazo wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho walipelekwa mwaka jana, chaguo hilo lishushe chini ya mengine.